Safari ya Mafia na ndege ndani ya boksi

"Humo ndani kuna nini?" konda aliniuliza pale Mbagala Rangi Tatu, saa 11 alfajiri, macho yangu bado yana usingizi.

"Ndege," nikamjibu.

"Ndege wa aina gani? Kama ni kuku au kanga, apande kwenye keria. Humu ndani hatupakii viumbe."

Nikamwambia si kiumbe, ni ndege ya kuruka, ya vita, ya mwaka 1915. Konda akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyeamka na mning'inio wa jana. Abiria wakacheka. Mama mmoja mwenye ndoo ya maandazi akasema kwa sauti, "Muache kijana wa watu, kila mtu na lake." Basi bwana, nikaruhusiwa kukaa na boksi langu mapajani, lakini kwa masharti ya kulipia kama mzigo. Safari ya Nyamisati ikaanza hivyo.

Msomaji wangu, najua unajiuliza kijana mzima wa miaka 26, mwenye cheti chake cha kidato cha nne na madeni yake, anafanya nini na ndege ya kuchezea. Subiri nikupe mkanda mzima.

Babu yangu mzaa baba anaishi Kilindoni, kisiwani Mafia. Enzi zake alikuwa fundi wa ngalawa, na si fundi wa kubahatisha. Watu walikuwa wakivuka kutoka visiwa vya jirani kuja kumfuata. Siku hizi presha ya macho imemla taratibu. Jicho la kushoto halioni kitu, na la kulia linaona mwanga tu, tena mchana. Madaktari walishamwambia kilichopotea hakirudi.

Sasa babu ana hadithi moja ambayo sisi wajukuu wote tumekua nayo. Baba yake, yaani babu mkuu, alikuwa mtoto wa kama miaka 10 Waingereza walipoiteka Mafia kwa Wajerumani Januari 1915. Siku moja yuko ufukweni anaparua dagaa, akasikia mngurumo juu. Hakuwahi kusikia mashine yoyote maishani. Akaingia chini ya ngalawa iliyopinduliwa akakaa humo mpaka magharibi, akiamini kwamba jini limekuja kuchukua watu. Kila babu akimaliza kuisimulia, humalizia na swali lile lile: "Lakini mimi sijapata kujua, hicho kitu kilikuwaje hasa? Baba alieleza, lakini maneno tu."

Mwaka jana nilipokwenda kumjulia hali, akauliza tena, halafu akasema neno lililonikaa rohoni. Akasema, "Hata ukiniletea picha sasa, nitaiona na nini?"

Nikarudi Dar na wazo moja tu. Kama macho hayaoni, mikono je? Mikono ya yule mzee ilikuwa inajua ubao umepinda kabla ya jicho la mtu mwingine halijajua. Nikaamua kumtengenezea hiyo ndege, aishike.

Hapa inabidi nikupe historia kidogo, maana hii si ngano. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, chini ya nahodha Max Looff, iliingia bandari ya Zanzibar na kuizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus. Baada ya hapo ikaenda kujificha kwenye delta ya mto Rufiji, ndani kabisa kwenye mikoko. Delta ya Rufiji siyo mchezo. Mifereji inagawanyika na kukutana tena kama mizizi, na mikoko ni mirefu kiasi kwamba meli kubwa inapotea humo kama sindano kwenye majani makavu. Manowari za Waingereza zikabaki nje baharini zinazubaa, maana zina kina kirefu, haziwezi kuingia.

Ndipo wakaleta ndege. Ya kwanza ilikuwa mashua ya kuruka aina ya Curtiss ya rubani wa kiraia, H. Dennis Cutler, aliyekodiwa kutoka Durban. Akawa anarukia kisiwa cha Nyororo, hapo kaskazini ya Mafia. Rejeta yake ilipokufa, mafundi wakaenda kutafuta ya gari la Ford huko Mombasa wakaifunga kwenye ndege! Usiwacheke mafundi wetu wa Gerezani wakikufungia spea ya gari jingine, jambo hilo lina ukoo. Novemba 1914 Cutler akaiona meli mtoni, lakini mwezi uliofuata akaangukia mikononi mwa Wajerumani wakamteka.

Zikaletwa nyingine. Sopwith zilizokuja mwanzoni mwa 1915 zilishindwa na joto letu: gundi ikalainika, mbao zikapinda. Kumbuka hilo neno gundi, tutarudi kwake. Mwisho, Juni 1915, zikafika Mafia ndege mbili aina ya Caudron na mbili aina ya Henri Farman. Hizi si za majini, zina magurudumu, kwa hiyo uwanja ukafyekwa kisiwani. Nazo kazi yake haikuwa kupiga. Kulikuwa na meli mbili fupi za mizinga, Severn na Mersey, zilizotengenezwa mwanzo kwa ajili ya Brazil, zenye uwezo wa kuelea kwenye maji machache. Hizo ziliingia mtoni zikapiga kwa umbali wa kilomita kama 10 bila kuiona Königsberg. Ndege ilikuwa juu ikituma ishara kwa simu ya upepo: mmezidisha, mmepunguza, sogezeni kushoto.

Mimi nikachagua Caudron G.3. Kwa nini? Kwa sababu mchoro wake ndio nilioupata. Kijana wa steshenari mtaani kwetu alinichapia kurasa nne kutoka kwenye simu yangu. Ni ndege ya Kifaransa, ya ndugu wawili Gaston na René Caudron. Mabawa yake mawili yamepandana kama kitanda cha bweni, la juu refu kuliko la chini. Upana ni mita 13.40, urefu mita 6.40. Nikagawanya kwa 20, nikapata sentimeta 67 kwa 32. Ukubwa wa kubebeka, na vidole vya mzee vinapata pa kupita.

Vifaa havikuniumiza kichwa. Mbavu za mabawa nilizitengeneza kwa chelewa, hizi hizi za fagio. Ukitaka kitu chembamba, chepesi na kinachopinda bila kuvunjika, mnazi umeshakumalizia kazi. Nguzo za katikati nikachonga kwa vijiti vya mishikaki, nikivipitisha msasa mpaka vikawa bapa. Nyaya zote zile zilizofunga mabawa, na ndege hii ina nyaya kama antena za Kariakoo, nikatumia mshipi mwembamba wa kuvulia. Magurudumu manne ni soli ya ndala, kama magari yetu ya utotoni. Pangaboi ni kipande cha mninga nilichoombea kwa seremala jirani, nikakichonga kwa wembe siku tatu na kujikata mara mbili. Kitambaa cha mabawa ni karatasi ya shashi.

Kasheshe ilianzia kwenye gundi. Nilinunua kichupa kwenye duka moja ambalo sitalitaja, nikaambiwa ni ya Ujerumani. Nilipanga bawa la juu lote juu ya meza, mbavu moja moja, usiku wa Jumamosi. Jumapili mchana nimerudi kutoka kuangalia mpira, chumba changu kina bati bila dari, si unajua tena, nakuta mbavu zimelala zote upande mmoja kama abiria wa daladala kwenye kona. Gundi imekuwa uji. Nikakaa kitandani nikacheka peke yangu, maana niliwakumbuka wale Waingereza wa 1915. Jua ni lile lile.

Nikaanza upya, na safari hii kila kiungo nikakifunga kwanza kwa uzi wa kushonea halafu ndiyo gundi ya mbao ya maji. Inachukua muda, lakini haidanganyi.

Kosa la pili lilikuwa langu mwenyewe. Ukishabandika shashi kwenye bawa, unaipulizia maji kidogo, ikikauka inajikaza kama ngozi ya ngoma. Mimi nikajifanya mjanja, nikapulizia chai ya rangi, ili karatasi ipate ule umanjano wa kitambaa cha zamani. Rangi ilikubali, tena ilipendeza kweli kweli. Lakini nilipuliza nyingi mno. Asubuhi bawa limejikunja kama chapati iliyosahaulika kwenye kikaango. Na ajabu ni kwamba Caudron yenyewe iligeuka hewani kwa rubani kuvuta nyaya na kuyapindisha mabawa kwa makusudi. Yangu ilikuwa imeshakata kona kabla ya kuruka. Nikaivua karatasi yote, nikabandika nyingine, nikalikandamiza bawa kwa kamusi na tofali mpaka likakauka.

Miezi minne ilikwenda hivyo, usiku usiku. Washikaji walidhani nimepata mwanamke. Aliyeukuta ukweli alinisikitikia zaidi.

Gharama zote zilikuwa shilingi 23,400, ukiacha wembe na plasta. Nilimaliza Julai, nikapaka vanishi nyepesi mara mbili, nikaining'iniza kwenye kenchi kwa uzi. Feni ikiwaka inazunguka polepole, mkia wake wa vijiti vitupu unapitisha mwanga. Nitasema ukweli, nililala nikiitazama.

Turudi kwenye safari. Basi lilipita Mkuranga, likafika Bungu, likaacha lami na kuchukua njia ya kushoto kwenda Nyamisati. Hapo ndipo nilipojua thamani ya mapaja yangu. Kila shimo niliinua boksi hewani kwa mikono miwili kama mtu anayemwonyesha mtoto kwa wageni. Yule mama wa maandazi akawa ananihesabia mashimo. Nyamisati penyewe ni gati, mikoko, wauza samaki wa kukaanga na watu wanaosubiri maji. Ratiba ya pale anapanga mwezi wa mbinguni, si karani.

Julai ni kusi. Bahari ilikuwa imevimba, na chombo kikawa kinapanda na kushuka. Ukitazama nyuma unaiona delta nzima, mstari mweusi wa mikoko usioonyesha mlango. Nikawaza wale wapiga mizinga. Hata ukiambiwa meli iko humo, ungeanzia wapi? Katikati ya safari wimbi likatupiga ubavuni, gunia la mchele la jamaa mmoja likaja lote juu ya boksi. Nilisikia "kwa". Sauti ndogo tu. Jamaa akaomba radhi, nikamwambia hamna noma, lakini koo lilikuwa limekauka. Sikufungua boksi mpaka tunafika. Niliogopa.

Kilindoni nimeizoea, lakini kila nikishuka huwa naona imekaa kivyake. Minazi mpaka uchoke. Pikipiki chache, baiskeli nyingi, harufu ya pweza anayekauka. Wazungu wanaokuja kuogelea na papa potwe msimu wao ulikuwa bado, wao huanza kumiminika Oktoba, kwa hiyo mji ulikuwa wa wenyewe. Hakuna anayekukimbilia kukuuzia kitu. Mtu anakusalimia kwanza, anakuuliza za ulikotoka, za nyumbani, za safari, ndipo anauliza boksi lina nini.

Bibi alinipokea mlangoni. "Mume wangu huyo kaja, na mahari kabeba kwenye boksi!" Nikamwamkia, nikaingia. Babu alikuwa kwenye mkeka barazani, anasokota kamba kwa kukisia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, bwana mdogo. Umekuja na kusi, eh? Nimesikia miguu, nikasema huyu si wa hapa, anakanyaga kama ana haraka."

Nikafungua boksi. Nguzo mbili za bawa la kulia zilikuwa zimevunjika, na mshipi umelegea upande mzima. Nikataka kulifunga boksi niseme nitaleta siku nyingine. Babu akanyoosha mikono. "Lete. Nimesikia karatasi."

Nikampa. Sikusema ni kitu gani.

Msomaji, sijui nikueleze vipi. Alianza na ncha ya bawa, akaenda taratibu kwa vidole viwili, ubavu baada ya ubavu, kama anahesabu tasbihi. Akafika palipovunjika, akapapasa, akasema tu, "Hapa pamegongwa," akapita. Akashika vile vijiti virefu vya chini vinavyotoka kwenye magurudumu mpaka mkiani, akavirudia mara mbili.

"Hii ina mirengu," akasema. "Kama ngalawa."

"Ndiyo, babu. Ikitua inaburuza hiyo."

"Chelewa hizi?"

"Chelewa."

Akacheka bila sauti. Alikuwa ameshajua. Bibi alisimama mlangoni na kanga mdomoni. Babu akafika mbele, kwenye kile kibeseni wanachokaa rubani na mwenzake, akaingiza kidole ndani kupima. Halafu akafika puani, akagusa pangaboi. Akalizungusha. Akatulia.

"Feni iko mbele?"

"Mbele, babu."

"Hii siyo."

Nikadhani sikusikia. Akarudia. "Baba alisema feni ilikuwa nyuma. Nyuma ya watu, kama boti ya mashine. Wale wawili wamekaa mbele kabisa, miguu wazi, na feni inawasukuma. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba kinachovuta hakionekani. Hii siyo aliyoiona yeye."

Nilihisi damu inashuka miguuni. Miezi minne! Kwa sababu nilijua papo hapo kwamba mzee yuko sahihi na mimi nimekosea. Henri Farman injini yake iko nyuma, inasukuma. Zote mbili zilikuwepo Mafia, na mimi nimechagua kwa sababu ya mchoro wa steshenari, sikuwahi hata kumuuliza mwenye hadithi baba yake alieleza nini. Tumeisikia hadithi ile tangu tunanyonya, tukaishia kwenye jini na ngalawa, hakuna aliyewahi kuuliza feni ilikuwa wapi.

Nikamwambia yote. Nikamsimulia Julai 11, 1915, siku ya mwisho ya Königsberg, kwamba juu ya delta alikuwepo rubani Cull na msaidizi wake Arnold, na walikuwa kwenye Farman, hiyo hiyo ya feni nyuma. Mizinga ya Wajerumani ikaipata injini. Ndege inashuka, na Arnold bado anatuma ishara za kusahihisha shabaha. Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, wakaokolewa wote wawili wazima. Risasi zilikuwa zimeshalenga. Looff akaamuru meli yake izamishwe pale pale, na baadaye Wajerumani wakaivua mizinga yake yote 10 wakaenda nayo vitani nchi kavu. Mmoja upo Mombasa, Fort Jesus, mpaka leo.

Babu alisikiliza, ndege mapajani. "Kwa hiyo aliyoiona baba ndiyo iliyoanguka?"

"Huenda. Farman zilikuja mbili."

"Hawakufa?"

"Hawakufa, babu."

"Alhamdulillahi," akasema, kwa watu ambao wangekuwa wamefariki kwa uzee miaka mingi tu iliyopita.

Nikaomba samahani kwa kuleta isiyo yenyewe. Hakunijibu. Alikuwa ameshaanza kufungua mafundo ya mshipi upande uliolegea, kwa kucha. Akamwambia bibi alete kile kisu kidogo na fagio la uani. Bibi akalalamika kwamba fagio ni jipya. Akaletewa. Akachomoa chelewa mbili, akazikata bila kupima, akazipachika palipovunjika zikaingia kama zilizaliwa pale. Kisha akavuta mshipi, akaupiga kwa kidole kama uzi wa udi, akasikiliza, akaupiga wa upande wa pili, akalegeza kidogo mpaka sauti mbili zikalingana. Mimi kwa macho yangu mawili nilikuwa nimeyapima mabawa kwa rula wiki nzima na hayakuwahi kulingana hivyo.

"Hii tundike pale juu, isishikwe na watoto," akasema. "Hiyo nyingine mabawa yake upana gani?"

Nikamwambia sina mchoro wake bado.

"Utatafuta. Mwili wake wa chuma au wa mti?"

"Chuma, babu. Mifupa yake ilikuwa chuma."

Akafikiri kidogo, akageuza uso upande wa sauti ya bibi. "Ule mtego wangu wa zamani wenye waya, ulitupwa?"

"Upo juu ya banda," bibi akajibu. "Nani atapanda?"

Nikavua viatu.